Ng'ombe wa Saa Tano

Kamati ya mikopo ya benki yetu ilikutana kila Ijumaa saa saba mchana, penye nyama. Hapo ndipo palikuwa pahali rasmi pa mkutano, nyuma ya bucha moja mjini Kajiado, chini ya mabati yaliyotoboka, na ajenda ya kwanza ilikuwa mbavu za mbuzi. Faili nilizoziandaa wiki nzima zilibebwa huko ndani ya mfuko wa plastiki, zikarudi saa kumi zikiwa na alama za vidole vya mafuta. Kwenye kila faili meneja alikuwa ameandika "sawa" au "hapana." Nikitafuta sababu ya hiyo hapana, sikuiona popote.

Sisi wanawake tulibaki ofisini. Tulikuwa wawili tu, mimi na karani wa dirishani. Mara ya kwanza nilipoomba kwenda kuzitetea faili zangu, meneja alinitazama kana kwamba kabati limemsemesha.

"Wewe kaa na simu," akaniambia. "Hapo kuna wazee. Mmaasai hawezi kula nyama mbele ya mwanamke. Hiyo ni mambo ya heshima."

Desturi hiyo ipo, nisiidharau. Ni ya morani, vijana ambao hawajaoa. Wazee waliokula na meneja walikuwa wameacha umorani zamani, wakaoa mke mmoja, wawili, watatu, na hakuna aliyewahi kusakamwa na mfupa kwa sababu mkewe alikuwa akimtazama. Na meneja mwenyewe hakuwa Mmaasai hata kidogo. Alitoka mbali, alikuwa na kitambi na ugonjwa wa sukari, na Kimaasai alichokijua hakikutosha kuagizia chai. Lakini aliivaa ile desturi ya vijana wa watu, ikamtosha vizuri kabisa, kwa sababu ilikuwa inamfaa.

Nilikuwa nimeingia benki hiyo mwanzoni mwa miaka ya tisini. Ilikuwa benki ndogo ya kukopesha wafugaji, na jina lake nitaliacha lilale. Baba yangu, Mkamba kutoka upande wa Machakos, alikuja Kitengela kutafuta kazi ya kiwandani wakati Kitengela ilikuwa maduka machache kando ya barabara, na nyuma ya maduka uwanda mtupu na punda milia. Nilisoma shule ya bweni na wasichana wa Kimaasai, wakanifundisha lugha yao yote, ya salamu na ya matusi. Kwenye barua ya kuomba kazi niliandika kwamba naijua. Benki ilinichukua kwa sababu hiyo, kisha ikaniweka kwenye mashine ya kupiga chapa kwa miaka miwili, mahali ambapo sikuzungumza na mtu yeyote kwa lugha yoyote.

Baadaye nilipewa kazi ya afisa wa mikopo, na miaka ikaenda. Kisha tukaambiwa kwamba benki itafungua tawi Kitengela, kwa kuwa watu wa Nairobi walikuwa wameanza kununua ploti huko na pesa zilikuwa zinatembea. Meneja wetu angehamishiwa huko. Tawi lingehitaji mkuu wa mikopo.

Niliitaka kazi ile. Sitajifanya kwamba nilikuwa na moyo wa kuwainua wanawake wenzangu au jambo lolote la kupendeza namna hiyo. Nilikuwa na binti wa miaka minane aliyekuwa akilelewa na mama yangu Kitengela, nami nilikuwa nimepanga chumba kimoja Kajiado, nikimwona Jumamosi na Jumapili tu. Alikuwa ameanza kumwita mama yangu "mama" na kuniita mimi kwa jina langu. Mkuu wa mikopo wa Kitengela angelala nyumbani kila siku, na angelipwa karibu mara mbili ya nilichokuwa nalipwa. Hiyo tu ndiyo sababu, pamoja na nyingine ndogo: kila mtu niliyewahi kumwona akifanya kazi ile alikuwa mjinga.

Aliyetajwa kuichukua alikuwa mheshimiwa mmoja mwenye digrii, aliyeletwa kwetu mwaka mmoja nyuma ili nimfundishe. Alikuwa na mke Rongai, na kila Jumatatu alifika saa nne akiilaumu barabara. Nilimfundisha kusoma hati ya shamba. Nilimfundisha kwamba mzee wa Kimaasai hasalimiwi ukiwa umekaa ndani ya gari. Ijumaa saa saba alivaa koti akaenda penye nyama na wakubwa, mimi nikabaki na simu. Akirudi, kijiti cha meno kikiwa bado mdomoni, alinipa taarifa.

"Madam, ile faili yako ya yule mzee wa juzi tumeangalia. Tumeonelea haiwezekani."

Tumeonelea! Mtu ambaye mwezi uliotangulia alikuwa haelewi tofauti ya beberu na mbuzi jike.

Mwaka huohuo makao makuu yalitutuma, mimi na karani, kwenye semina ya siku mbili kuhusu mbinu za mafanikio kwa wanawake walio katika kazi za fedha. Ilifanyika kwenye hoteli moja yenye viti vilivyofunikwa kwa vitambaa vyeupe. Mtaalamu aliyetufundisha alikuwa mama aliyevaa koti lenye mabega mapana, na alikuwa na kipaza sauti ingawa tulikuwa watu ishirini. Alitufundisha kushika mkono wa mtu kwa nguvu. Alitufundisha tusilie ofisini. Alitufundisha kukaa viti vya mbele kwenye mkutano.

Niliinua mkono nikamuuliza, "Na kama mkutano uko kwa bucha?"

Watu walicheka. Yeye hakucheka. Alisema mwanamke mwerevu hutafuta mkubwa mmoja wa kumshika mkono na kumpandisha. Nilimfikiria meneja wetu na ile mikono yake ya mafuta. Mchana tulikula kuku, tukapewa cheti chenye jina langu lililoandikwa vibaya, na benki ikasema kwamba sasa imetuwezesha.

Kilichonipandisha kilikuwa kitu kingine kabisa, na nilikipata kwa mwanamke ambaye hajawahi kushika cheti.

Dhamana ya mikopo yetu ilikuwa ng'ombe. Mfugaji akitaka kukopa, benki ilikwenda bomani kwake kuhesabu mifugo, idadi ikaandikwa kwenye fomu, naye akatia kidole gumba. Sasa sikia tulivyohesabu. Gari liliondoka ofisini saa tatu na nusu, maana meneja hakuweza kuanza safari kabla ya chai na mandazi, likafika bomani saa tano. Ng'ombe walikuwa wamejaa zizini. Meneja alisimama karibu na gari asichafue viatu, akahesabu kwa kunyoosha kidole, jambo ambalo Wamaasai wanalichukia, akataja idadi kwa sauti kubwa, mheshimiwa wa digrii akaandika. Tulimaliza kwa dakika kumi, tukarudi.

Mtoto yeyote wa darasa la pili Kajiado angewaambia kwamba saa tano ng'ombe hawako bomani. Saa tano ng'ombe wako malishoni, mbali, na mchungaji wao. Ng'ombe anayeonekana zizini saa tano ni mgonjwa, au anasubiri benki. Lakini benki ilikuwa na saa zake za kazi, na kwa akili ya meneja hata ng'ombe walipaswa kuzifuata. Na mimi, nijiseme pia, nilisimama pale kama mkalimani miaka mingi nikaona zizi limejaa, nikaona ni kawaida. Ofisi humfanya mtu apumbae polepole, kwa malipo ya kila mwezi.

Aliyenizindua alikuwa mke wa tatu wa mzee mmoja upande wa Isinya, mwanamke wa makamo, mwenye kicheko cha kusikika hadi barabarani. Wanaume wa benki hawakuwahi kuingia ndani ya nyumba za boma kwa sababu ya moshi na nzi. Mimi niliingia. Alinisalimu "Takwenya," nikaitika "Iko," nikamwita yeyo, mama, kama inavyostahili kumwita mtu wa umri wake. Akanipa maziwa kutoka kwenye kibuyu, nikayanywa yote. Nje meneja alikuwa ananyoosha kidole.

"Mtaondoka lini?" akaniuliza kwa Kimaasai, akicheka. "Ng'ombe wana njaa. Tumewafungia tangu asubuhi kwa ajili yenu."

"Kwani wote ni wenu?"

Akacheka hadi akashika ubavu. "Nusu ni wa jirani. Juzi mlipokuwa kwake, wetu ndio walikuwa wameenda huko. Wanatembea kuliko nyinyi."

Kisha akanifafanulia, kama anayemfundisha binti yake kazi za nyumbani. Mwanamke akiolewa hapo, hupewa ng'ombe wake wa kukama. Kwa maneno ni wa mume, lakini maziwa ni ya mke, na watoto wa kiume aliowazaa ndio watakaowarithi. Kila mke anawajua wake, rangi na alama ya sikio, na ng'ombe naye anamjua anayemkama. Ng'ombe wa kuazima huletwa peke yake, ndama wake amebaki kwao. Kwa hiyo ukitaka kujua mzee ana ng'ombe wangapi, usiwatazame ng'ombe. Njoo wakati wa kukama, tazama ndama, na tazama nani anamkama nani.

Aliniambia haya kwa sababu yalikuwa yanachekesha, na kwa sababu alidhani niko upande wake. Nilikuwa upande wake, wakati ule.

Nilianza kwenda maboma peke yangu, Ijumaa. Wakati wakubwa wanakula mbavu, karani alishika simu nami nilipanda gari la abiria hadi mahali pa kushukia, nikatembea. Nilifika kabla ya jioni, nikaona ng'ombe wakirudi, nikakaa na wanawake wakikama, nikalala kwao, na alfajiri nikaona wakikamwa tena. Binti yangu alinikosa asubuhi za Jumamosi, na mchana nilifika kwake nikinuka moshi. Niliandika yote daftarini: ng'ombe mwekundu mwenye sikio la kushoto lililokatwa, ndama wake dume, anakamwa na mke wa pili. Hakuna mwanamke aliyenificha. Waliniitia ng'ombe mmoja mmoja. Yule mke wa tatu wa Isinya alikuwa na sita, na alinionyesha wote kwa majivuno, akipapasa migongo yao.

"Unatafuta nini na kutembea huku kote?" aliniuliza.

Nikamweleza kuhusu kazi ya Kitengela na kuhusu mtoto wangu. Alisikiliza sana. Alisema mtoto hawezi kumwita mama yake kwa jina, hiyo si sawa, kazi hiyo ni lazima niipate.

Baada ya miezi minne niliandika ripoti. Ilionyesha kwamba karibu nusu ya ng'ombe waliokuwa dhamana kwenye vitabu vyetu hawakuwepo, au walikuwepo mara tatu. Nilipendekeza dhamana zote zihesabiwe upya, kwa majina ya wake, wakati wa kukama. Nikampa meneja. Akaisoma akiwa amefunga macho nusu, akasema, "Si mbaya. Acha nitaangalia." Wiki mbili baadaye niliiona mezani kwa karani ikisubiri kutumwa makao makuu. Ilikuwa na jalada jipya na jina moja tu, lake.

Sikulia ofisini. Nilikuwa nimefundishwa. Nilienda msalani nikafungulia maji ya bomba, nikamtukana kwa Kikamba na kwa Kimaasai, maana Kiswahili hakikunitosha.

Makao makuu yaliipenda ripoti. Mkaguzi mkuu akaja mwenyewe kuonyeshwa mbinu hii mpya, mzee mkimya mwenye viatu vya kutembelea, naye hakutaka mwenye boma apewe habari mapema. Mimi nilichukuliwa kama mkalimani. Na meneja wetu, mwandishi wa ripoti, bingwa wa kuhesabu ng'ombe wakati wa kukama, akanywa chai yake, akala mandazi yake, akatuondoa ofisini saa tatu na nusu.

Tulifika saa tano. Zizi lilikuwa tupu kabisa. Kulikuwa na samadi, kuku wawili, na mzee mmoja amelala kivulini. Meneja alishuka na ile orodha mkononi, akaanza kusoma kwa sauti kubwa mbele ya zizi tupu: "Ng'ombe mwekundu. Sikio la kushoto limekatwa." Akainua macho. Akasoma wa pili. Mheshimiwa wa digrii alikuwa anatafuta kitu kwenye viatu vyake.

"Wako wapi?" mkaguzi akauliza.

"Wanakuja," meneja akasema. "Wako njiani."

Mkaguzi akanigeukia mimi. "Mama, hawa ng'ombe hurudi saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili jioni," nikasema.

"Na hii ripoti, nani aliandika?"

Ningeweza kumwachia meneja njia ndogo ya kutokea. Sikumwachia. Nilisema ni mimi, nikasema tarehe na boma, nikasema mke gani alikama ng'ombe gani, bila karatasi, hadi mkaguzi akainua mkono kuniambia basi, ameelewa. Meneja alikuwa anajipepea na orodha. Sijawahi kufurahi kiasi kile maishani, na harusi yangu naiweka ndani ya hesabu hiyo.

Barua ilikuja baada ya wiki tatu. Mkuu wa mikopo, tawi la Kitengela, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Meneja alihamia nami kama ilivyopangwa, kwa sababu wanaume wa aina yake hawafukuzwi, huhamishwa tu. Mheshimiwa wa digrii alikuja kama msaidizi wangu na meza yake ikawekwa nje ya mlango wangu, akaikalia kama mtu anayesubiri basi ambalo anajua litafika. Nilihama nikaingia kwa mama yangu. Binti yangu alichukua mwezi mmoja kuzoea kuniita mama, na siku ya kwanza alipolitamka bila kukumbushwa nilikuwa nakatakata sukuma wiki, nikajikata kidole.

Halafu mvua ikakosa. Ikakosa msimu wa kwanza, ikakosa wa pili. Ng'ombe wa Kajiado walishushwa hadi kando ya lami, wakala majani ya barabarani Kitengela na wengine wakaingia hadi mitaa ya Nairobi, mbavu nje. Ng'ombe ambaye mwaka uliotangulia angemlipia mtoto karo ya muhula mzima sasa aliuzwa kwa bei ya jozi mbili za viatu, na mnunuzi alijiona anakusaidia. Wazee waliokopa hawakulipa, kwa sababu hawakuwa na cha kulipia. Makao makuu yakatuma amri kwamba dhamana zikamatwe na kupigwa mnada kabla hazijafa.

Hapa ndipo nilipoielewa kazi yangu mwenyewe, na nilichelewa.

Zamani, wakati wa hesabu za saa tano, dalali akienda bomani na orodha ya benki hakupata kitu. Orodha ilisema ng'ombe sitini, na hao sitini walikuwa wa kila mtu na si wa mtu yeyote. Mzee alikuna kichwa, jirani akaapa kwamba wake ni wake, dalali akarudi mikono mitupu, na katika vurugu hiyo yote hakuna aliyegusa ng'ombe wa kukamwa. Ule udanganyifu wa wanaume, uliokuwa ukinichekesha na kunikasirisha, ulikuwa pia ua wa miiba uliozunguka ng'ombe wa wanawake. Mimi ndiye niliyeufungua. Sasa orodha ilikuwa safi, ina rangi, ina masikio, ina jina la mke. Na wakati huo wa ukame ng'ombe wakavu walikuwa wamepelekwa mbali na wachungaji. Waliobaki bomani walikuwa wale wachache wa maziwa, wa kuwashikilia watoto. Dalali hakuhitaji kuuliza mtu. Alifika wakati wa kukama, kama ripoti ilivyoshauri.

Faili ya yule mzee wa Isinya ilifika mezani kwangu mwezi wa kumi wa majaribio yangu. Alikuwa amekopa ili anunue pikapu, na pikapu ilikuwa imekufa nyuma ya nyumba bila magurudumu. Wake zake hawakuipanda hata siku moja. Kwenye orodha walikuwepo ng'ombe sita wa mke wa tatu, kwa mwandiko wangu.

Nilikuwa na uwezo wa kumpa mkopaji miezi mitatu zaidi. Sheria za benki zilimruhusu mkuu wa mikopo. Nikakaa na faili ile siku mbili. Nilijua wangesema nini penye nyama, maana Kitengela nako walikuwa wameshapata bucha yao: mwanamke amekuwa mkuu, ameanza kuwahurumia wanawake, tuliwaambia. Meneja alipita mlangoni asubuhi ya pili, akatabasamu.

"Hiyo ya Isinya inakusumbua? Kama ni ngumu, mpatie huyu kijana wako asign. Si lazima uumie."

Msaidizi wangu akainua kichwa.

Nilitia sahihi. Nataka kuandika kwamba kalamu ilikwama, lakini haikukwama. Niliona aibu baadaye, nyumbani, na hata hiyo haikuninyima usingizi. Kwa miaka kumi nilikuwa nimewadharau wale wanaume kwa kuamua maisha ya watu bila kuyatazama. Mimi niliyatazama vizuri, nikayaandika vizuri, nikaamua vilevile. Kama kuna tofauti, basi wao walikuwa na kisingizio cha ujinga.

Alikuja Kitengela wiki mbili baada ya mnada. Karani wa tawi alisema kuna mama wa Kimaasai anasubiri tangu tulipofungua, hataki kuhudumiwa na mtu mwingine. Aliingia akiwa na shuka safi na viatu vya tairi vyenye vumbi, amekonda, na mimi nikasimama. Sikujua niiweke wapi mikono. Sikuthubutu kungoja salamu yake, nikaanza mimi kwa Kimaasai. Akanijibu kwa Kiswahili kile cha sokoni, ambacho sikuwahi kumsikia akikitumia.

"Habari ya ofisi, madam."

Nilimvutia kiti, nikaagiza chai. Aliinywa polepole. Aliniambia ng'ombe wamechukuliwa asubuhi, wote sita. Ndama wa mwaka huu hawakuwa kwenye karatasi, kwa hivyo ndama wameachwa. Wanne wamekufa. Wawili anawapatia uji. Alisema hivyo kama mtu anayeeleza hali ya hewa, na mimi nikasema ni sheria ya benki, ni mume wako aliyetia kidole, nikasema yote yanayosemwa. Hakubishana na hata moja.

Akatazama ofisi. Alitazama feni, kabati la faili, dirisha lenye pazia.

"Ile kazi uliniambia unatafuta, ndio hii?"

"Ndiyo hii."

"Na mtoto?"

"Anakaa na mimi. Ananiita mama."

Akatikisa kichwa kukubali, na nilimwona amefurahi kweli. Nilitamani angenitemea mate usoni. Akafikiri kidogo, kisha akauliza lile ambalo nadhani mtu yeyote wa kwao angeuliza, kwa nia njema kabisa.

"Wanakupatianga ng'ombe ngapi kwa mwezi?"

Mimi ni mtu wa benki, kichwa changu kilipiga hesabu kabla sijakizuia. Kwa bei za mnada ule, mshahara wangu wa mwezi ulikuwa ng'ombe wanane. Mshahara wa mwezi ule walipouza sita wake ulikuwa umeingia siku tatu kabla, na nilikuwa nimeununulia kochi.

"Wawili," nikasema.

"Wawili kila mwezi." Alinyanyuka, akajifunga shuka vizuri, akanishika bega. "Hiyo ni mzuri, mtoto yangu. Shika sana. Usiachie hawa wanaume."

Nilishika sana. Niliifanya kazi ile miaka tisa.